Gari Limeuzwa, Jina Limebaki

Mtu anauza gari lake, labda kupitia broka wa Ngong Road jijini Nairobi, labda kwa jirani aliyelitamani siku nyingi. Pesa zinaingia benki, mkataba unatiwa saini kwa wakili, funguo zinatolewa. Kuhusu transfa, yaani kuhamisha usajili kwenda jina la mnunuzi, wanaambiana, "Hiyo tutamalizia wiki ijayo." Mwaka unapita, wa pili unaingia, kisha inakuja barua ya wakili asiyemjua: gari lenye nambari fulani lilimgonga mwendesha bodaboda, na kwa kuwa logibuku, hati ya usajili wa gari, ina jina lake, anatakiwa alipe fidia. Anapigia simu kampuni ya bima aliyokuwa nayo zamani. Anajibiwa kwamba bima ile ilikoma siku aliyouza gari.

Mashauri ya namna hii hayaishi katika mahakama za Kenya, na wauzaji hulalamika kwamba sheria inawaonea. Mimi naona wana haki ya kulalamika, ila lawama wameitupia kifungu kisichostahili.

Kifungu wanachokichukia ni cha 8 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Kinasema kwamba mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake atahesabiwa kuwa ndiye mwenyewe, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Juu yake kuna msimamo uliowekwa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki mwaka 1969: gari likidhuru mtu kwa uzembe, na pasiwepo ushahidi wa kupinga, inachukuliwa kwamba aliyeliendesha ni mtu ambaye mwenye gari anawajibikia makosa yake. Kwa hiyo jina kwenye logibuku linakufanya mwenye gari, na kuwa mwenye gari kunakuweka kizimbani pamoja na dereva ambaye hujawahi kumwona.

Kwa muuzaji hilo ni zito. Lakini mfikirie yule wa bodaboda. Amelazwa wodini mguu una vyuma, na alichoambulia ni nambari ya gari aliyoandikiwa na mpita njia. Wakili wake analipia taarifa za gari kwa NTSA, mamlaka inayosajili magari, na kupata jina moja. Lau jina hilo lisingekuwa na uzito wowote, mwenyewe angejibu tu kwamba aliuza, amtaje mtu wa Nakuru. Wa Nakuru naye angesema alishampa broka. Magari mengi yamepita mikono mitatu minne kwa fomu za transfa zilizotiwa saini na kuachwa wazi sehemu ya mnunuzi, na kila mkono ulifaidi huku ukikwepa kuandikwa. Kati ya muuzaji aliyekuwa na nafasi ya kubadilisha jina na majeruhi ambaye hakuwa na nafasi yoyote, sioni kwa nini majeruhi ndiye atumwe kumsaka mwenye gari.

Tena sheria haikufunga mlango. Maneno "mpaka ithibitishwe vinginevyo" yana kazi yake, na mahakama zimeyatumia. Katika kesi ya kampuni ya Securicor Kenya dhidi ya Kyumba Holdings, iliyoamuliwa 2005, Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba gari lililokwisha kuuzwa na kukabidhiwa halikuwa tena la Securicor, ingawa usajili ulikuwa bado haujabadilishwa. Tangu hapo wauzaji wengi wamejitetea kwa njia hiyo, na wenye ushahidi mzuri wameponea.

Ushahidi mzuri maana yake nini? Mkataba ulioandikwa tarehe na saa. Hiyo saa si urembo. Ukisoma mikataba ya yadi za magari zinazojua kazi utakuta sentensi kwamba kuanzia saa kumi na dakika ishirini alasiri ya siku hiyo, ajali, faini na deni lolote la gari ni la mnunuzi, na kando yake mnunuzi ametia saini ya ziada. Ajali ikitokea jioni hiyo hiyo, dakika hizo ndizo zitakazobishaniwa. Mkataba wenyewe haumzuii majeruhi kukushtaki, kwa maana yeye hakuutia saini, lakini unakupa njia ya kumvuta mnunuzi aingie katika kesi kama mhusika wa tatu. Ambatisha nakala ya kitambulisho chake, PIN yake ya KRA (nambari ya mlipa kodi) na taarifa ya benki inayoonyesha malipo. Muuzaji aliyelipwa fedha taslimu na kuandikiana kwenye karatasi ya daftari ana safari ndefu.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kiburi cha kutojali barua. "Gari si langu, nitajibu nini?" Hajibu, mahakama inatoa hukumu upande mmoja, naye anapata habari dalali wa mahakama akiwa tayari mlangoni kwake. Hapo mtu mwenye ushahidi wote anaanza kuomba hukumu itenguliwe, kwa gharama yake.

Tuje kwenye bima, mahali ambapo naona sheria ina tundu la kweli. Bima ya gari ni mkataba kati ya kampuni na mtu. Ukiuza gari, huna tena maslahi ndani yake yanayoweza kukatiwa bima. Cheti kinaruhusu dereva yeyote anayeendesha kwa idhini yako, lakini mnunuzi haendeshi kwa idhini yako, anaendesha cha kwake. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilishaamua hivyo mwaka 1938, katika kesi ambayo mnunuzi alikabidhiwa gari pamoja na hati ya bima huku hajamaliza hata kulipa. Wauzaji wetu wanaomwambia mnunuzi "endelea na stika yangu, ina miezi mitano" wanampa karatasi tupu.

Sasa soma kifungu cha 9 cha Sura ya 403. Gari lililouzwa linaweza kutumika barabarani kwa siku zisizozidi 14 tangu kuuzwa, hata kama mmiliki mpya bado hajasajiliwa. Kwa bima ya nani? Sura ya 405, sheria ya bima ya magari, inafanya bima ya thadipati, ile inayolipa watu wengine wanaodhuriwa na gari, kuwa lazima kwa kila gari linalotembea. Sheria moja inampa mnunuzi wiki mbili, nyingine inamtaka awe amekata bima kabla hajawasha injini. Mtu mwangalifu atakata bima yake kwa simu akiwa bado yadini, kwa kuwa vyeti siku hizi ni vya kidijitali. Wangapi hufanya hivyo jioni ya Jumamosi?

Ujerumani wamechagua njia nyingine. Kule gari likiuzwa, bima inahamia kwa mnunuzi pamoja nalo, naye ana mwezi mmoja wa kuivunja akitaka yake, huku muuzaji akitakiwa kuiarifu kampuni. Kampuni za bima zina pingamizi la maana: zilipanga bei kwa mwalimu wa miaka hamsini anayekwenda kazini na kurudi, kwa nini zimbebe kijana atakayeligeuza gari kuwa la teksi usiku kucha? Tena kuna watakaoacha kabisa kukata bima wakijua ya muuzaji inawafunika. Nakubali yote mawili kwa bima kamili. Kwa thadipati peke yake, kwa siku zile zile 14, pingamizi hilo ni jepesi. Dhima ya kampuni kwa mdai mmoja tayari imewekewa kikomo cha shilingi milioni 3, na ada ya mwaka ilishalipwa.

Mnunuzi naye asichukuliwe kuwa mkosaji wa kila hadithi. Wapo wanaochelewesha transfa kwa sababu wanataka kuuza tena haraka, lakini wapo waliozungushwa na muuzaji: logibuku imeshikwa na benki, au mwenyewe amehamia Marekani na nambari ya simu iliyosajiliwa kwenye akaunti yake haipatikani tena. Mnunuzi wa aina hii analala juu ya moto. Muuzaji mwenye jina anaweza kuchukua mkopo wa logibuku kwa gari alilokwisha kuliuza, na mdai wa muuzaji anaweza kutuma dalali alikokote. Mnunuzi ataweza kupinga mahakamani, gari likiwa limeegeshwa kwenye yadi ya dalali.

Ndiyo maana napendekeza turekebishe arifa ya mauzo kwa msajili wa magari, na kifungu cha 8 kibaki. Kifungu cha 9 tayari kinamtaka muuzaji amjulishe msajili ndani ya siku 7, lakini njia ya mtandaoni inayotumika imejengwa juu ya transfa: muuzaji anaanzisha, mnunuzi anakubali kwenye akaunti yake. Mnunuzi asipokubali, muuzaji amekwama na jina. Uingereza muuzaji peke yake huiarifu DVLA, mamlaka ya usajili wa magari ya huko, kwamba ameuza, akitaja nani amelichukua, na anathibitishiwa kwamba si mwenye dhamana tena. Arifa ya namna hiyo hapa ingempa majeruhi jina la pili la kufuata, na ingempa muuzaji karatasi ya serikali badala ya mkataba wa wakili peke yake. Tanzania pia wangeihitaji. Huko mtu anaweza kununua gari mkononi kwa kadi yenye jina la mwenyewe wa zamani kabisa, na faini za barabarani hufuata namba ya gari.

Wapo watakaosema arifa ya upande mmoja itatumiwa vibaya: mtu amegonga, anakimbilia simu kusema aliuza jana. Kinga yake ni kwamba arifa ianze kuhesabiwa tangu ilipopokelewa, isirudi nyuma hata kwa saa moja. Walioshaachia magari yao miaka iliyopita hawataokolewa na lolote kati ya haya kwa ajali zilizokwisha kutokea. Kwao limebaki la kumwandikia msajili barua yenye nakala ya mkataba, kuhifadhi nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na kujibu kila barua ya wakili inayoingia.