Mbegu za hempu zina lishe kweli, ila kwa huku Arusha sioni haja

Watu wa jimu hapa mjini siku hizi wananiuliza sana kuhusu mbegu za hempu zilizokobolewa, zile nyeupe laini zenye vidoadoa vya kijani ambazo watalii wanakuja nazo kwenye pakiti wananyunyizia kwenye uji kabla ya kupanda mlima, eti ni kweli zinajenga mwili hivyo?

Lishe ipo jamani, tusiibeze. Gramu 100 zina protini gramu 31 na kitu, magnesiamu kama miligramu 700, zinki karibu 10, na mafuta yake yana omega 3 moja kwa omega 6 tatu hivi (aina mbili za mafuta ambayo mwili unayahitaji ila haujitengenezei), mbegu nyingi hazifikii hapo. Na hailevyi. Mmea ni jamii moja na bangi ndio, lakini mbegu yenyewe haitengenezi THC, yaani kile kinacholevya kwenye bangi, ile chembe inayokutwa ni ya maua na majani iliyogandia kwenye ganda. Marekani, FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, iliziruhusu kwenye chakula tangu Desemba 2018.

Sasa upande wa pili. Ukikoboa ganda nyuzinyuzi nyingi zinaenda nalo, zinabaki kama gramu 4 tu kwenye gramu 100. Halafu kuna laisini, kile kijenzi cha protini ambacho hempu inacho kidogo, na mahindi nayo ni hivyohivyo, kwahiyo ukimwagia kwenye uji wa dona umeongeza protini sawa lakini pengo liko palepale, wakati bakuli la maharage lingeliziba. Hili ndo linaniuma nikiona mtu anajinyima hela ya kula vizuri ili aagize kapakiti kutoka nje.

Maana mbegu za maboga zilizomenywa, hizi za soko la Kilombero hapa mjini au la Mbuyuni pale Moshi, zina protini gramu 30, magnesiamu karibu 600, na chuma zinaizidi hempu kidogo. Zikaange kavukavu mpaka zianze kupasuka, twanga, tia kwenye mchicha, basi. Zinapozidiwa kabisa ni omega 3, na hapo dagaa wanamaliza kazi, tena omega 3 ya samaki mwili unaitumia moja kwa moja, ile ya mbegu lazima ibadilishwe kwanza na inayobadilika ni kidogo sana.

Na kuna sheria. Huku Arumeru mashamba ya bangi yanafyekwa kila mara na mbegu zake zinakamatwa kama kidhibiti, sasa ukishikwa na kilo ya hempu utaanza kumweleza askari habari za omega? Mimi ningependa mbegu ya chakula itenganishwe na bangi ya kuvuta kisheria, ila mpaka hapo simshauri mtu.

Kwa Wasabato wasiokula nyama wala samaki, hoja ya omega 3 ni nzito kweli, ila chia zinazouzwa hapa mjini zina omega 3 karibu mara mbili ya hempu na hakuna wa kukusumbua.