Tucker ni fundi, na baba yangu pia

Huu ni mwaka wangu wa nane hapa Exeter, kusini-magharibi mwa Uingereza. Kazini nina mwenzangu Tucker, mwenye nyumba wangu ni Walker, mwalimu wa binti yangu ni Fuller. Nilidhani ni koo tatu zisizohusiana. Kumbe majina yote matatu yametoka kwenye kazi moja.

Zamani kitambaa cha sufu kikitoka kufumwa kilikuwa kimelegea na kimejaa mafuta ya kondoo. Kilitumbukizwa kwenye hori la maji, mkojo uliochacha na udongo wa kunyonya mafuta, kisha mtu akavua viatu, akaingia humo na kukikanyaga kwa saa nyingi mpaka nyuzi zishikane. Halafu kikatundikwa kwenye fremu za mbao, kikavutwa kwa kulabu kikauke kimenyooka. Mkanyagaji huyo kusini-mashariki aliitwa Fuller, huku Devon Tucker, kaskazini Walker. Kuanzia karne ya 12 vinu vya maji vilianza kuichukua kazi yenyewe, lakini jina likabaki, likarithiwa na watoto ambao hawakuwahi kukanyaga kitambaa.

Jumba la chama chao, Tuckers Hall, lingalipo hapa mjini, mtaa wa Fore Street. Lilijengwa 1471. Ukumbi wa juu umezungushiwa mbao za mwaloni ukutani, na mimi mtoto wa seremala nilisimama pale muda mrefu nikitazama viungo vyake.

Kwetu Tanga, Ngamiani, baba yangu aliitwa Fundi na kila mtu. Uliza kwa Fundi, mtoto yeyote angekupeleka mpaka mlangoni. Jina hilo amezikwa nalo. Mimi ubini wangu unamtaja baba, wake ulimtaja babu. Randa na patasi hazimo. Na fomu za huku zimetuvuruga zaidi: mimi kwenye nafasi ya ubini niliandika jina la baba, kaka yangu aliyeko Kanada akaandika la babu. Leo watoto wetu ni damu moja, lakini ukisoma karatasi zao huoni undugu.

Hata hivyo utaratibu wetu siuachi. Anayenitaja mimi kwa ukamilifu amemtaja na baba yangu. Tucker wa kazini amebeba jina la karne na karne, na maana yake ameisikia kwangu. Aliniomba nimsimulie mara ya pili. Lakini kwenye kutunza kazi, hawa wametushinda, na inaniuma. Hakuna karatasi hata moja inayosema baba alikuwa fundi.

Iko milango yake. Mmoja naujua vizuri, wa mninga, kona ya chini kushoto aliziba kosa kwa kipande cha mbao kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Nimemwomba dada aupige picha kabla nyumba ile haijavunjwa.