Mnara usubiri, mtaro kwanza

Kanisa letu la huku Kimara limejaa, hilo halina ubishi. Ibada ya pili ikianza, waliochelewa wanakaa nje chini ya turubai, na masika yakichachamaa watoto wa shule ya Jumapili wanahamishiwa barazani kwa mchungaji. Ndiyo maana kamati ya ujenzi imeleta ramani: ghorofa moja juu, mabawa mawili ubavuni, mnara mpya, na uwanja wote wa mbele upigwe pevingi. Majirani wa upande wa bondeni wameikataa. Barua yao ipo kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na tangu ifike huko kuna watu waliokuwa wakisalimiana kila siku ambao sasa wanapishana kimya.

Mimi nasali hapo, na nyumba yangu iko huko huko bondeni. Nataka kanisa lipanuke. Ramani hii, kama ilivyo, naipinga.

Yanasemwa maneno kanisani kwamba waliotia saini ile barua wanapiga vita kazi ya Mungu. Yananiumiza, kwa sababu nimeisoma. Wamesaini Waislamu, Wakatoliki, Walutheri, na waumini wetu wenyewe. Hakuna mstari hata mmoja unaogusa imani ya mtu. Wanalalamikia maji, magari na spika, na maji wameyatanguliza kwa sababu.

Kimara ni vilima na mabonde. Mvua ikipiga, kila tone la juu linatafuta njia ya kwenda chini. Kwa sasa uwanja wa kanisa ni udongo, majani na miembe, kwa hiyo sehemu ya maji inazama pale pale. Ukishaufunika kwa pevingi na kuongeza paa la mabawa mawili, maji yote yatateremka kwa mpigo. Yatapita wapi? Mtaro uliopo ni wa kuchimba kwa jembe, na unapita ubavuni mwa nyumba ya mama mmoja mjane ambaye kila masika hupanga viroba vya mchanga mlangoni. Nendeni mkaione kona ya jiko lake. Udongo umeshaliwa, mawe ya msingi yako wazi, na kati ya jiwe na jiwe unaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Nimeipekua ramani ya kamati ukurasa kwa ukurasa. Mnara una vipimo mpaka vya msalaba wake. Maji ya paa hayajachorewa hata mshale mmoja.

Magari ni jambo la kumalizika kwa mazungumzo: shule ya msingi ya jirani uwanja wake uko mtupu Jumapili, tuuombe. Spika nazo zina kanuni zake chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni hizo hazibagui baa, msikiti wala kanisa. Tupunguze sauti, basi.

Wapo wanaosema tutumie Katiba, ibara ya 19, uhuru wa kuabudu. Naithamini sana ibara hiyo. Lakini wasome mpaka ya 30, inayokataza haki ya mtu mmoja kutumiwa kwa namna ya kuingilia haki za wengine. Yule mama naye ana haki ya kulala nyumba yake ikiwa kavu.

Kuna mahali ugomvi wa namna hii ulifika mbali kuliko wengi wetu tunavyodhani. Boerne ni mji mdogo wa Texas, Marekani, karibu na San Antonio. Kanisa Katoliki la Mtakatifu Petro la hapo, lililojengwa mwaka 1923, lilichukua watu wapatao 230, na kwenye baadhi ya misa za Jumapili watu 40 hadi 60 walikosa nafasi. Askofu Mkuu Patrick Flores akaruhusu lipanuliwe. Mji ukanyima kibali, kwa hoja kwamba jengo limo kwenye eneo la kihistoria. Askofu akaenda mahakamani akishikilia sheria ya mwaka 1993 ya kulinda uhuru wa dini, na kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu. Tarehe 25 Juni 1997 mahakama hiyo ikaamua kwamba Bunge lilivuka mamlaka yake lilipozibana serikali za majimbo na miji kwa sheria hiyo. Wanasheria bado wanaijadili hukumu. Mimi nimeshikwa na kilichofuata: kanisa na mji wakakubaliana kubakiza asilimia 80 ya jengo la zamani na kujenga ukumbi wa watu 750 kwa nyuma. Miaka yote ile ya mawakili, na suluhu ikatoka kwenye meza ya mchora ramani.

Sisi meza hiyo hatujaikalia hata mara moja. Kinachonitisha zaidi ni minong'ono kwamba tumwage zege kwanza, kibali kitafuata. Watu wa Kimara kweli ndio wa kusema hivyo? Mwaka 2017 tuliona nyumba za kando ya Barabara ya Morogoro zikivunjwa, familia zikiokota mabati. Fedha zilizomo kwenye zile bahasha za ahadi zimetoka kwa wauza vitumbua, madereva wa bajaji na wastaafu wanaosubiri pensheni. Hatuna ruhusa ya kuzichezea bahati nasibu.

Naiomba kamati iite majirani wa bondeni kabla ramani haijapelekwa Manispaa ya Ubungo. Ghorofa ibaki. Bawa la upande wa miembe liondolewe, na pevingi iishie kwenye njia ya kuingilia tu. Maji ya paa yaingie kwenye tangi la chini ya ardhi, yatumike vyooni na kwenye bustani, na yatakayofurika yapite kwenye mtaro wa zege mpaka kwenye kalavati la barabara kubwa. Mtaro huo ujengwe kabla ya nguzo ya kwanza. Fundi niliyemuuliza anasema hautakuwa wa bei rahisi, nami namwamini. Fedha zikipelea, mnara usubiri.