Hela za Mama Mkubwa Sijala, Kala Set

Kabla hamjaendelea kunitumia picha za sahani za pilau, nisikilizeni. Jamaa yangu aliyewaambia nimekula michango ya harusi kaacha kipande. Hela zilimezwa na Set, aina ya mkusanyo kwenye programu ya Java niliyoandika kutunza hesabu za harusi.

Harusi ina michango, ina matumizi, zote mbili nimeziweka List, yaani orodha ya kawaida. Kuzivuta kwa mkupuo mmoja tu, Hibernate, maktaba inayounganisha Java na hifadhidata, ikanirushia kosa la MultipleBagFetchException. List isiyo na safu ya mpangilio yenyewe inaihesabu bagi, mfuko tu usio na mpangilio, na bagi mbili kwenye kweri moja, yaani ombi moja la data, haitaki hata kusikia. Kikao kesho yake. Nikageuza zote kuwa Set, kosa likanyamaza, nikalala. (Mnaoandika Java mmeshashika vichwa, najua. Na bado sijawaambia kwamba equals yangu, ile inayoamua kama vitu viwili ni kimoja, ilikuwa inalinganisha jina na kiasi, basi.)

Kikaoni, projekta inamulika orodha ya michango kwenye ukuta wa sebule. Mama mkubwa akavaa miwani, akasoma. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akavaa tena.

"Mwanangu, mimi nimetoa laki mara mbili. Hapa naiona moja."

Akafungua pochi. Akatoa simu. Akaanza kusoma meseji ya muamala kwa sauti, namba ya kumbukumbu herufi kwa herufi, tarehe, saa, mpaka salio lililobaki. Kisha akashuka ya pili, vilevile, bila haraka. Hakuna aliyekohoa. Mwenyekiti akageuza kiti anitazame vizuri. Na mimi, kwa akili zangu zote za chuo:

"Mama mkubwa, hiyo ni Set. Vitu vikifanana inabakiza kimoja."

"Seti ndiye nani? Muiteni aje aseme hela kaipeleka wapi!"

Hapo kila mtu akatoa simu. Wote waliolipa kwa awamu zinazolingana walikuwa wamepunjwa. Mjomba wangu, aliyetoa 50,000 kisha 30,000, zake zilionekana zote, akapata nafasi ya kunihubiria uaminifu.

Mengine mafupi: kwenye hifadhidata kila shilingi ilikuwepo, equals sasa inatazama aidii, namba ya pekee ya kila mchango, michango imerudi List, kila mkusanyo una kweri yake, jumla imekaa sawa. Mimi nimehamishiwa kamati ya viti na maturubai.

Jana Mama mkubwa kapiga simu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza kama Seti keshakamatwa.