Meli haingoji: kushuka na ziara ya kampuni au kivyako kwenye bandari za Mediterania

Tangazo linasema Roma. Asubuhi ukifungua pazia la kebini unaona kreni, matangi ya mafuta na mabasi yaliyojipanga, kwa sababu meli imefunga Civitavecchia, mji wa bandari ulio kilomita 70 na ushei kutoka Roma. Kesho yake ratiba inasema Florence, nawe unaamkia Livorno. Florence iko kilomita kama 90 bara. Ratiba ikisema Efeso, gati liko Kuşadası, Uturuki.

Ubishi wa wasafiri wa meli za kitalii unaanzia hapo. Wako wanaosema lipia ziara ya kampuni ya meli, panda basi, fuata kibao chenye namba, utarudi salama. Wengine wanasema huo ni wizi wa mchana, treni ipo, miguu unayo, nenda kivyako. Kila upande una haki kwa bandari fulani na hauna haki kwa nyingine, na tatizo ni kwamba kila mmoja huzungumza kana kwamba bandari zote ni moja.

Wanaotetea ziara za kampuni wana hoja moja nzito. Zilizobaki ni za pembeni. Basi la kampuni likikwama barabarani, meli hungoja, na isipowezekana kungoja, kampuni hubeba gharama za kukufikisha bandari inayofuata. Aliyekwenda kivyake hana ahadi hiyo. Saa ya mwisho ya kuwa melini kwa kawaida ni nusu saa au zaidi kabla ya kuondoka. Rubani wa bandari akishapanda na meli nyingine ikilisubiri gati, nahodha hawezi kuwangoja watu wawili waliojisahau mgahawani. Kinachofanyika mara nyingi ni kwamba pasipoti yako hutolewa kwenye sefu ya kebini na kuachiwa wakala wa meli aliye bandarini, meli ikaondoka. Huruma inaishia hapo.

Kwa mwenye pasipoti ya Ulaya au Marekani, kuachwa ni hasara ya tiketi ya ndege na aibu ya siku mbili. Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Kongo hesabu ni nyingine kabisa, na washauri wengi wa mtandaoni huiruka kwa kuwa haiwahusu. Tuseme umeachwa Napoli na meli inaelekea Kuşadası. Ruhusa ya kushuka bandarini kwa saa chache kama abiria wa meli si sawa na viza ya kutua uwanja wa ndege wa Izmir. Na meli ikitoka eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwenda Uturuki au Montenegro kisha ikarudi Italia, unahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja hata kama hujachelewa popote. Mswahili anayeishi Muscat au Dubai kwa kibali cha ukaazi, akisafiri na pasipoti ya nyumbani, yumo katika hesabu hiyohiyo. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema ziara za kampuni ni za waoga, huuliza kwanza ana pasipoti ya wapi.

Hata hivyo, sikubali kwamba hofu hiyo inatosha kukufungia kwenye basi siku saba mfululizo.

Chukua Napoli. Ukitoka tu kwenye jengo la abiria, Stazione Marittima, ngome ya Castel Nuovo iko mbele yako: minara ya mawe meusi, na katikati yake upinde wa marumaru nyeupe uliobanwa kama vile umesahauliwa pale. Kituo cha metro cha Municipio kiko karibu na ngome hiyo. Boti za kasi za kisiwa cha Capri zinaondokea Molo Beverello, gati la jirani, na huchukua chini ya saa moja. Ukitaka kubaki mjini, unapanda kwa miguu hadi Spaccanapoli, mtaa mwembamba ulionyooka unaoukata mji mkongwe, nguo zimeanikwa juu yako na pikipiki zinapita ubavuni bila kupunguza mwendo. Simama kwenye kaunta, kunywa kahawa kwa mafunda mawili kama wenyeji, kula sfogliatella ikiwa bado ya moto, unga wake uliokunjwa tabaka kwa tabaka unakumwagikia kifuani. Kulipia mtu akutembeze hapo ni kulipia mtu akuoneshe mlango ulio wazi.

Pompeii, magofu ya mji wa kale wa Warumi, kutoka Napoli ni jambo la kati na kati. Treni ya Circumvesuviana inaondokea Porta Nolana na Garibaldi, na kwa chini ya dakika 40 hivi inakushusha kituo cha Pompei Scavi, hatua chache tu kutoka lango la magofu. Nauli ni ya euro chache. Lakini treni yenyewe hujaa, mabehewa mengi ni ya zamani na ya joto, na wezi wa mifukoni wanazijua ratiba za meli kuliko abiria wenyewe. Isitoshe, tangu Novemba 2024 magofu hayo yana kikomo cha wageni 20,000 kwa siku, na tiketi huandikwa jina. Anayekwenda kivyake bila tiketi ya mtandaoni anacheza bahati nasibu. Na ndani ya Pompeii, bila mtu wa kukueleza, baada ya saa moja kuta zote zinaanza kufanana. Hapo ningelipa, lakini ningemlipa mwongozaji mwenye kibali ninayemkuta langoni, siyo basi zima.

Roma ndiyo inayogombanisha watu. Fanya hesabu. Meli inafunga saa moja asubuhi, abiria wanaanza kushuka karibu saa mbili kasoro. Kuna basi la kukutoa ndani ya bandari hadi Largo della Pace, kisha unasogea hadi kituo cha treni. Treni ya mkoa inakufikisha Roma San Pietro kwa saa moja hivi, na kutoka kituo hicho unatembea hadi uwanja wa Mtakatifu Petro. Ukiwa mwepesi, saa tatu na nusu uko mbele ya nguzo za Bernini. Meli ikiondoka saa moja jioni, inakubidi uwe ndani ya treni ya kurudi isiyozidi saa tisa alasiri, ili ukikosa hiyo bado zipo mbili nyuma yake. Unapata saa tano na nusu za Roma. Basi la kampuni halikupi nyingi zaidi ya hizo, kwa sababu nalo linapambana na foleni za kuingia jijini na linangoja wanaochelewa kutoka chooni. Na bei ya kiti kimoja cha basi, hata bila mwongozaji, mara nyingi inazidi nauli ya treni ya familia nzima kwenda na kurudi.

Kwa hiyo treni inashinda? Siku za kawaida, ndiyo. Ila Italia ina kitu kinaitwa sciopero, mgomo, na hutangazwa mapema kiasi kwamba asiyeangalia hana wa kumlaumu. Sheria inalazimisha treni za mkoa zitembee siku za kazi hata wakati wa mgomo, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na tena kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku. Ziangalie saa hizo kwa jicho la abiria wa meli. Asubuhi utakwenda Roma vizuri tu, bila kuona dalili ya mgomo. Alasiri, saa unayohitaji kurudi, huna uhakika wa treni. Huduma ya lazima inaanza tena wakati ambapo wenzako wanakunja taulo za bwawani na meli inakaribia kuondoka. Siku ya mgomo ningelipia basi la kampuni bila kubishana.

Kuna jambo jingine dogo linalowaangusha watu: saa yenyewe. Ugiriki na Uturuki ziko mbele ya Italia kwa saa moja au zaidi, na simu hujibadilisha yenyewe ikikamata mtandao wa nchi kavu. Meli inaweza kubaki na saa yake. Vaa saa ya mkononi, iache kwenye saa ya meli, usiamini simu.

Yapo magati ambayo mjadala haufai hata kuanza. Valletta, mji mkuu wa Malta, meli inafunga chini ya kuta za mji na lifti inakupandisha hadi bustani za Upper Barrakka. Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi kanisa la Mtakatifu Yohana lenye mchoro wa Caravaggio wa mwaka 1608. Piraeus, bandari ya Athens, metro inakufikisha Monastiraki chini ya ngome ya kale ya Acropolis, na tangu Oktoba 2022 hata njia inayokwenda uwanja wa ndege inafika bandarini. Kazi yako ni kununua mapema tiketi ya Acropolis yenye saa yake ya kuingia. Dubrovnik, Kroatia, basi la mjini linatoka bandari ya Gruž hadi Pile, lango la mji mkongwe, kilomita tatu hivi. Kulipia ziara ya kampuni katika miji hii ni kulipia usingizi, na hilo nalo si dhambi ukiwa na mama mwenye magoti mabovu au mtoto anayelala mchana. Basi lenye choo na kiyoyozi lina thamani yake.

Santorini inakwenda kinyume. Meli kubwa haina gati la kufunga, abiria hushushwa kwa boti ndogo. Wa ziara za kampuni kwa kawaida huondoka kwanza, hupelekwa Athinios na kukuta mabasi. Waliokwenda kivyao hungoja zamu yao, wanashushwa bandari ya zamani chini ya Fira, na juu yao kuna jabali lenye ngazi zinazokaribia 600, punda, na vibehewa vya kamba. Wakati wa kushuka wote wanakutana kwenye foleni ileile ya vibehewa, wenye ziara na wasio nayo, kwa sababu ziara nyingi humalizikia Fira. Tofauti ni kwamba mwenye ziara ya kampuni akikwama foleni, kampuni inajua yuko wapi. Faida uliyoinunua ni ya asubuhi na ya dharura. Hapa ndipo ningewaambia hata wenye miguu mizuri wafikirie mara mbili.

Livorno ndiyo bandari inayodharauliwa kuliko zote, na kosa hilo linafanywa na pande zote mbili. Wa basi wanakimbilia Florence, wa treni wanakimbilia Pisa, mji unabaki mtupu. Mtawala wa Toscana, Ferdinando wa kwanza wa ukoo wa Medici, aliufungua mji huu kwa wafanyabiashara wa mataifa na dini zote kwa sheria za 1591 na 1593. Wayahudi, Wagiriki, Waarmenia na Waislamu wakaja. Una mtaa wa mifereji, soko la ndani lenye paa refu, na supu nzito ya samaki inayoitwa cacciucco. Karibu na bandari ya zamani yuko Ferdinando mwenyewe, wa marumaru, na miguuni pake wanaume wanne wa shaba, uchi, wamefungwa minyororo. Pietro Tacca aliwamalizia 1626. Ni watumwa waliotekwa baharini, na mmoja wao ana sura ya Mwafrika mweusi. Watu huwaita Quattro Mori. Mswahili yeyote anayejua soko la watumwa la Unguja akisimama pale mbele ya mgongo ule uliopinda, atakuwa na la kufikiri zaidi ya atakalolipata kwenye foleni ya Uffizi, jumba la sanaa la Florence. Hakuna ziara inayouza hilo, na mwenda kivyake naye amelipita akiwahi treni.

Upande wa tatu wa ubishi huu hauko melini. Ni wenyeji. Venice ilifungiwa meli zenye tani zaidi ya 25,000 kupita mfereji wa Giudecca tangu Agosti 2021, na Aprili 2024 ikaanza kutoza wageni wa kutwa euro 5 kwa siku za msongamano. Dubrovnik ilikubaliana na kampuni za meli mwaka 2019: meli mbili kwa wakati mmoja, abiria wasiozidi 4,000. Palma, Hispania, ina kikomo cha meli tatu kwa siku. Barcelona na bandari yake walikubaliana mwaka 2025 kupunguza majengo ya abiria kutoka 7 hadi 5 ifikapo 2030. Ugiriki inatoza euro 20 kwa kila abiria anayeshuka Santorini au Mykonos msimu wa joto, tangu Julai 2025.

Wapenda kutembea kivyao hudai kwamba wao ndio wanaoacha pesa mjini. Ni kweli nusu. Kahawa, nauli na chakula cha mchana vinakwenda kwa mwenye duka badala ya kwa wakala aliyeingia mkataba na kampuni, na asiyekula nguruwe anachagua mgahawa wake badala ya kukuta sahani iliyopangwa. Ila kiatu cha mwenda peke yake kinakanyaga jiwe lilelile la Stradun, barabara kuu ya Dubrovnik, saa ileile ya nne asubuhi na kile cha mwenye kibao. Kama kweli anataka kuwapunguzia wenyeji adha, afanye asichoweza kufanya mwenye basi: ashuke mchana wakati wengine wanarudi kula buffet, au abaki kwenye mji ambao meli imefunga.

Nikiambiwa nichague kwa wiki ya kawaida ya Barcelona, Marseille, Livorno, Civitavecchia, Napoli na Valletta, ningeweka pesa ya kampuni kwa siku moja tu, ile ya Roma, na hata hiyo iwapo tu kuna mgomo au nina mzee. Wiki ya Ugiriki na Uturuki ningeigeuza: kivyangu Piraeus, kampuni Kuşadası na Santorini. Na kabla ya kushuka popote ningepiga picha ukurasa wa pasipoti, viza na namba ya wakala wa bandari iliyo kwenye karatasi ya ratiba ya siku, na kununua bima inayotaja kwa maandishi kuachwa na meli, kwa sababu nyingi haziitaji.