Mbuzi Katika Begi la Mkononi

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na nyoka aliyeniuma mimi ni ule mkanda mweusi wa mpira unaozungusha mizigo ya abiria. Miaka michache iliyopita nilisafiri kwa ndege kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza kuhudhuria harusi ya mtoto wa rafiki yangu, nikakabidhi begi langu kaunta kwa moyo mweupe, nikashuka Mwanza, nalo likashuka Kilimanjaro. Nilisimama mbele ya mkanda ule mpaka likabaki sanduku moja la mtu mwingine, likipita na kurudi kama linalonionea huruma, na jioni yake niliketi meza ya mbele nikiwa nimevaa suruali ya mwenyeji wangu, ambaye nimemzidi urefu kwa shibiri nzima. Katika picha zote za harusi ile, vifundo vya miguu yangu ndivyo vinavyoonekana kabla ya bibi harusi.

Nilikula yamini siku hiyo kwamba mimi na mzigo wangu hatutaachana tena. Kila nitakachosafiri nacho kitakaa juu ya kichwa changu, ndani ya kile kikabati cha ndege, nikiweza kukigusa kila nikipata wasiwasi.

Kwa hiyo, shangazi yangu wa Maskati aliponialika kwenye harusi ya mjukuu wake mwezi Juni, uamuzi wa begi nilikuwa nimeshaupitisha kabla sijaulizwa. Tiketi yenyewe ilieleza waziwazi kwamba ninaruhusiwa kukabidhi mzigo wa kilo 30 bila kulipa hata senti moja, na kuingia ndani ya ndege na begi moja la mkononi lisilozidi kilo 7. Mke wangu aliisoma, akaivua miwani yake, akaifuta, akaisoma tena.

“Baba Watoto, hizi kilo thelathini za bure unamwachia nani?”

“Namwachia Kilimanjaro,” nikamjibu.

Tatizo ni kwamba shangazi hakuwa amealika mtu mtupu. Aliondoka Unguja akiwa msichana, amezeeka Maskati, lakini Kiswahili chake cha Mji Mkongwe hakijapungua hata nukta, na ulimi wake wa chakula vivyo hivyo. Aliniagiza achari ya embe, papa mkavu, na zaidi ya yote mbuzi ya kukunia nazi, kwa kuwa ya kwake ilikuwa imevunjika mguu na tui la kopo kwake ni maji ya chokaa. Mbuzi hiyo niliichongesha kwa fundi wa Keko. Kiti chake kilikuwa cha mninga, kinakunjuka na kukunjika kama mkasi, na ulimi wake wa chuma ulikuwa na meno kumi na manne, ambayo niliyahesabu kwa kidole, kidole kikatoka damu kwenye jino la tisa.

Begi lilipokwisha kufungwa nililipeleka kwa muuza duka wa mtaani tulipime kwa mizani yake ya sukari. Likasoma kilo 10. Sikushtuka, kwa sababu mtaa mzima unajua kwamba kilo ya duka lile haitimii, na kwa hesabu yangu kilo 10 za pale zingekuwa kilo 8 za watu waaminifu, tofauti ambayo binadamu yeyote mwenye haya angeifumbia macho. Kesho yake, kwenye kaunta ya uwanja wa ndege, begi hilo hilo lilisoma kilo 11.4, ndipo nilipotambua kwamba kwa miaka yote hiyo tumemsingizia mwenzetu, na kwamba huenda yeye ndiye aliyekuwa akipata hasara.

“Shikamoo, baba,” alisema binti wa kaunta. “Begi hili limezidi, lakini si neno, una kilo zako thelathini. Nilipitishe?”

Nilimwambia hapana, ahsante, na kwamba nitalipunguza. Aliniuliza nitalipunguza kwa kumwachia nani vitu. Nikamwambia kwa kumwachia mwenyewe. Nikasogea kando, nikafungua begi sakafuni na kuanza kuvaa. Nilivaa shati la pili juu ya la kwanza, la tatu juu ya la pili, na suruali ya kitambaa juu ya ile niliyokuja nayo. Nilivua kandambili nikavaa viatu vya ngozi, kandambili zikaingia mfuko wa kushoto wa koti. Koti lenyewe lilikuwa la sufu, la mtumba, nililinunua nilipokuwa mwalimu Njombe, na nilikuwa nimelibeba kwa sababu shangazi alinionya kwamba viyoyozi vya kumbi za Maskati hutetemesha watu. Mfuko wa ndani, ule wa juu ya moyo, nikamweka papa mkavu aliyeviringishwa katika gazeti. Begi likasoma kilo 7.1. Nikatoa kamusi, nikaishika kwapani, likasoma kilo 6.6, na yule binti, ambaye alikuwa ameacha kuhudumia watu ili atazame, akalifunga kibandiko cha begi la mkononi bila kusema lolote.

Nilielekea kwenye ukaguzi nikitembea kama mtu aliyevishwa godoro.

Niseme ukweli kwamba kanuni za majimaji nilizijua. Zilianza mwaka 2006, polisi wa Uingereza walipogundua njama ya kulipua ndege za kwenda Amerika ya Kaskazini kwa vilipuzi vya majimaji vilivyofichwa katika chupa za vinywaji baridi, na tangu hapo sehemu nyingi za dunia kila chupa ya abiria haitakiwi kuzidi mililita 100, na zote pamoja zienee katika mfuko mmoja angavu wa lita moja. Dawa yangu ya meno na manukato yangu vilikuwa katika mfuko huo, vimepangwa kama askari kwenye gwaride. Achari sikuiweka humo kwa kuwa achari ni chakula, hutafunwa, na sijapata kusikia mtu akisema amekunywa achari.

Kijana wa mashine ya eksrei alisimamisha mkanda. Akaurudisha nyuma, akausogeza mbele, akainamisha kichwa upande, kisha akamwita mwenzake: “Njoo uone mbuzi.”

Nyuma yangu walikuwapo abiria wawili ambao kwa lafudhi yao walikuwa watu wa bara kabisa, nao waligeuka kutazama kama kuna mnyama anaingia. Ofisa mwanamke alifika, akafungua begi, akaikunjua mbuzi juu ya meza, ikasimama kwa miguu yake minne mbele ya kadamnasi, ulimi nje.

“Mzee wangu, hii ina ubao wa kukalia na ina msumeno. Ndani ya ndege unataka kumkuna nani?”

Kisha akaishika chupa ya achari, kilo moja kamili, akaiinamisha taratibu, na mafuta ya manjano yakatembea kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Nilimpa hoja yangu ya kutafuna. Akanijibu kwa upole kwamba hata asali, samli na siagi ya karanga watu huwa wanamwambia ni chakula, na kwamba yeye haulizi kinaingiaje mdomoni, bali kikimiminwa kinafuata umbo la chombo au hakifuati. Nilifundisha shule miaka 19, na sijapata kupewa jibu la sayansi lililonyooka kama lile.

Alichukua redio ya mkononi. “Nina mzee hapa ana mbuzi, anarudi kaunta kukabidhi.”

Redio ikakoroma: “Mbuzi mzima au amechinjwa?”

“Mbuzi *ya* nazi,” akasema.

Kimya kidogo, kisha redio ikacheka. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, na nusu ya umri wangu nimeimaliza nikiwaeleza vijana wasiotaka kusikia kwamba ngeli si urembo. Sasa hapa, mbele ya macho yangu, silabi moja ya “ya” badala ya “wa” ilikuwa imemwokoa mnyama, ikamwokoa na mwenye mnyama. Ningeomba wanafunzi wangu wa zamani waitwe washuhudie, kama nisingekuwa nasukumwa nirudi kaunta kabla haijafungwa.

Yule binti aliniona nikija. Hakusema “nilikuambia”, na kwa hilo namshukuru hadi leo. Alilitia begi utepe wa karatasi wenye herufi MCT na tarakimu kumi chini yake, nikaupiga picha kwa simu mara tatu, na mkanda mweusi ukalibeba begi langu likiwa limelala chali. Ndipo nilipokumbuka kwamba nimevaa mashati matatu, suruali mbili na koti la sufu, nina samaki kifuani na kamusi kwapani, na kwamba begi lenye kilo 30 za nafasi limekwenda likiwa na kilo 6 na ushei.

Bahati haikuninyima nafasi ya pili. Nilikuwa nimeshakaa karibu na lango, nikitoka jasho, kipaza sauti kiliponiita kwa jina langu kamili la pasipoti. Ilikuwa ni pawabanki. Jamani, hiyo pawabanki nilikuwa nimeipigia hesabu nyumbani usiku, milliampea-saa 20,000 mara volti 3.7, nikapata wati-saa 74, chini ya kikomo cha 100, nikajisifu peke yangu jikoni. Nilichosahau ni kwamba ruhusa hiyo ni ya begi la mkononi tu, kwa kuwa betri ya aina ile ikishika moto ndani ya ndege wahudumu wataiona na kuizima, ilhali chini kwenye mizigo hakuna wa kuiona. Nilipelekwa chumba kidogo, begi langu likiwa juu ya meza kama mgonjwa. Nikatoa pawabanki, kisha, nikiona begi liko wazi na moyo wangu umefurahi, nikaanza kuvua koti.

“Mzee, hapa hatuvui nguo,” alisema ofisa.

“Nataka tu kupunguza.”

“Toa betri. Ndege inafungwa.”

Begi likafungwa na mtu mwingine. Nikapanda ndege kama nilivyo.

Safari ya Maskati huzidi saa tano kidogo. Kiti changu kilikuwa cha katikati. Kulia kwangu aliketi bwana mmoja aliyevaa dishdasha nyeupe na aliyenukia udi, na kwa saa ya kwanza alinukia yeye peke yake. Joto la mwili wangu lilipomfikia papa, kupitia gazeti na bitana la koti, yule bwana aligeuka, akanusa hewa, akanitazama usoni, na badala ya kukasirika akaniuliza kwa Kiswahili safi, “Ng'onda au papa?” Nikamwambia papa. Akafumba macho akasema marehemu mama yake alikuwa akimpika kwa tui. Tulizungumza hadi tulipotua. Abiria wa kushoto, ambaye hakuwa na mama wa kutoka Unguja, aliomba kuhamishwa.

Joto la Maskati mwezi Juni hupita nyuzi 40, na mimi nililipokea kwa sufu ya Njombe. Ila kabla ya kutoka nje nilipaswa kwenda kukabiliana na mkanda. Nilisimama mbali, mikono nimeifumba, nikijiandaa kwa masanduku ya watu wengine. Pazia za mpira zikafunguka, na begi la kwanza kabisa kutokea, mbele ya mizigo yote ya ndege ile, lilikuwa langu.

Lilinukia embe.

Mtoto wa shangazi, aliyekuja kunipokea, alinieleza kisa chake ndani ya gari. Ndege ikiwa juu, mgandamizo wa hewa ndani yake hushushwa ukawa kama wa mlima wa mita 1,800 au hata 2,400, na hewa iliyofungiwa chini ya kifuniko Dar es Salaam, usawa wa bahari, hutanuka ikitafuta njia. Chupa yangu nilikuwa nimeijaza hadi shingoni. Achari ilikuwa imepata njia yake, na njia hiyo ilipita katikati ya kanzu nyeupe niliyoiandaa kwa harusi, ikaitia bizari kutoka kola hadi pindo. Mbuzi ilikuwa salama, na meno yake kumi na manne yaling'aa kwa mafuta. Shangazi aliikalia palepale sebuleni, akaijaribu kwa uzito wake wote, akasema, “Huu mguu wa nyuma unacheza, mwanangu, lakini Mungu akujaalie.”

Harusini nilivaa dishdasha ya mwanawe, ambaye nimemzidi urefu kwa shibiri nzima. Ukumbi ulikuwa baridi kama alivyosema shangazi, nami nilikuwa mgeni pekee ambaye hakutetemeka, isipokuwa chini ya magoti.

Siku ya kurudi shangazi alinipa makopo mawili ya halua. Mwanawe aliinamisha kopo moja kama alivyofanya yule ofisa. Halua ilisogea kidogo, ikasita, ikafikiri, ikarudi mahali pake. Tukatazamana.

“Isiyotembea si maji,” shangazi akatoa hukumu.

Nikaomba selotepu. Nikalizungusha kila kopo mara kumi na moja, nikayalaza katikati ya begi la kukabidhi, nikalipeleka kaunta mwenyewe bila kushurutishwa na mtu. Chini ya koti nilivaa mashati mawili, kwa ajili ya Kilimanjaro.