Si Kila Krokasi ni Zafarani

Nilikuwa nasoma makala ya bustani iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, nikakuta maneno haya: "zafarani ya vuli huchanua bila majani." Sikuweza kuendelea. Ua lililokuwa likielezwa ni Colchicum autumnale, ambalo kwa Kiingereza huitwa krokasi ya vuli kwa sababu tu linafanana na krokasi, kundi la maua madogo ambalo ua la zafarani ni mojawapo. Mfasiri aliona neno krokasi, akakumbuka kwamba zafarani hutoka kwenye krokasi, akaunganisha. Tatizo ni kwamba zafarani ni kiungo cha chakula, na ua lile lina sumu ya kuua mtu mzima.

Sumu hiyo ni kolchisini. Huzuia seli kugawanyika, na kupika hakuiondoi. Aliyeila hukaa saa kadhaa bila dalili, kisha hutapika na kuharisha, na siku zinazofuata viungo vya ndani huanza kushindwa kazi. Kwa kipimo kidogo sana, chini ya uangalizi wa daktari, hiyohiyo ni dawa ya jongo. Kwa hiyo ninaposema majina yanayofanana yanahitaji uangalifu, sitetei usafi wa lugha peke yake.

Bahati nzuri maua yenyewe hayadanganyi. Weka krokasi na kolchikamu, yaani lile ua lenye sumu, pamoja mezani. Yote mawili yana umbo la kikombe, mara nyingi ni ya zambarau, na huonekana kama yametoka ardhini moja kwa moja bila shina. Sasa tandua petali taratibu, uhesabu stameni, yaani zile nyuzi zenye chavua. Krokasi ina 3. Kolchikamu ina 6. Tazama na majani yakishatoka: ya krokasi ni membamba kama nyasi, na katikati hupita mstari mweupe, ya kolchikamu ni mapana, na huko Ulaya kuna watu waliokufa kwa kuyachuma wakidhani ni kitunguu saumu cha mwituni. Mimea hii miwili haimo hata katika familia moja. Krokasi ni ndugu wa ua liitwalo airisi, kolchikamu ina familia yake.

Na jina la kolchikamu, ukilisikiliza vizuri, linatoa onyo lenyewe. Limetokana na Kolchisi, nchi ya kale iliyokuwa mashariki mwa Bahari Nyeusi, Georgia ya leo. Katika hadithi za Wagiriki huko ndiko alikotoka Medea, bingwa wa dawa na sumu. Ukilifuta jina hilo ukaweka "zafarani ya vuli", umefuta na onyo lililokuwa ndani yake.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tusingepaswa kushangazwa na maneno ya sauti moja. Kaa ni mnyama wa pwani mwenye magando, kaa ni kipande cha moto, na kaa ni amri ya kuketi. Hakuna anayedhani mnyama yule ana undugu na moto. Paa, vivyo hivyo. Kwa maneno ya nyumbani tunajua kwamba sauti si ukoo. Yakija maneno ya Kilatini tunasahau, na kila mfanano tunaufanya ushahidi.

Zafarani yenyewe huitwa kitaalamu Crocus sativus. Nimeshaambiwa, na mtu aliyekuwa na uhakika kabisa, kwamba jina hilo linaonyesha undugu na bangi, kwa kuwa bangi ni Cannabis sativa. Basi mpunga nao ni Oryza sativa, kitunguu saumu ni Allium sativum, na saladi ya majani ni Lactuca sativa. Neno hilo halisemi lolote kuhusu kulewa. Maana yake ni "kilichopandwa", kinachotunzwa na mkulima badala ya kujiotea porini. Mwisho wake hubadilika kulingana na jinsia ya nomino katika Kilatini, kama vivumishi vyetu vinavyofuata ngeli.

Kwa zafarani neno hilo ni la kweli kuliko kwa mmea mwingine wowote ninaoujua. Krokasi hii ina seti 3 za kromosomu, yaani nyuzi za urithi zilizomo ndani ya seli, badala ya 2, kila seti ikiwa na kromosomu 8, na kwa hesabu hiyo haiwezi kutengeneza mbegu zinazoota. Asili yake ni krokasi ya mwituni ya Ugiriki, Crocus cartwrightianus. Tangu zamani imeendelea kuwepo kwa sababu mtu aling'oa tunguu zake, akazitenganisha, akazipanda tena. Watu wakiacha kuipanda, itatoweka. Mimi huguswa sana na jambo hili. Neno moja la Kilatini limebeba kazi ya mikono ya vizazi na vizazi, halafu sisi tunalisikia tunafikiria bangi.

Kuna Crocus serotinus pia. Siku hizi zafarani inasifiwa kwamba huchangamsha moyo, na nimeona watu wakiunganisha jina hilo na serotonini, ile kemikali ya mwilini inayotajwa kila hali ya moyo inapozungumzwa. Serotinus ni "chenye kuchelewa": krokasi hiyo huchanua mwisho wa mwaka, wenzake wengi wakisubiri majira ya machipuko. Serotonini ni jina lililobuniwa miaka ya 1940 kutokana na seramu ya damu, ilimopatikana ikikaza mishipa. Na zaidi ya hapo, serotinus siyo krokasi ya zafarani hata kidogo.

Mengine nitayapitia haraka. Crocus imperati haina uhusiano na ufalme. Imepewa jina la Ferrante Imperato, muuza dawa wa Napoli aliyesifika kwa mkusanyiko wake wa mimea, madini na wanyama waliokaushwa. Crocus olivieri haihusiani na mzeituni. Ni kumbukumbu ya Mfaransa Olivier, aliyesafiri Mashariki akikusanya viumbe. Speciosus humaanisha "yenye kupendeza macho". Vernus ni "ya majira ya machipuko", biflorus ni "ya maua mawili". Kila moja lina asili yake, na kuitafuta hakuchukui dakika tano.

Mahali ninapopenda kukaa zaidi ni kwenye neno krokasi lenyewe. Wagiriki walisema krokos. Kwa Kiebrania zafarani ni karkom. Waarabu wana kurkum, lakini kwao kurkum ni manjano, ule mzizi wa familia ya tangawizi. Kutoka kurkum wanasayansi wakapata Curcuma, na kutoka Curcuma tukapata kurkumini, rangi ya manjano iliyomo ndani ya mzizi huo. Rangi ya zafarani nayo inaitwa krosini. Kurkumini na krosini: hapa mfanano wa sauti si wa bure, maana majina yanaelekea kuwa na mizizi iliyogusana, lakini mimea ni tofauti na kemikali ni tofauti. Kilichoyakutanisha ni rangi iliyobaki kwenye vidole vya watu. Kiswahili hakikuingia katika mkanganyiko huo: tulichukua zafarani kutoka Kiarabu kwa kiungo kimoja, na kile kingine tukakiita manjano, kwa rangi yake. Huo ni uteuzi mzuri sana, na sioni sababu ya kuuharibu leo.

Hata wasomi wakubwa wamewahi kunaswa. Isidore, askofu wa Seville huko Hispania, aliyefariki mwaka 636, aliandika kwamba mamba aliitwa crocodillus kwa sababu ya rangi yake ya zafarani. Maelezo yanayokubalika leo ni kwamba jina la Kigiriki la mamba limetokana na krokē, yaani changarawe, kwa vile mjusi, ambaye Wagiriki walimwita kwa jina hilo kwanza, huonekana akijianika juu ya mawe. Krokos na krokē, tofauti ni mwisho wa neno tu.

Sisemi mfanano ni uongo siku zote. Krokosmia, ua la rangi ya chungwa linaloota kusini na mashariki mwa Afrika, jina lake maana yake ni "harufu ya zafarani", na kweli maua yake makavu yakilowekwa kwenye maji ya uvuguvugu hutoa harufu hiyo. Tena limo katika familia ileile ya airisi. Huko Kanada, kwa upande mwingine, ua linaloitwa krokasi ya mbuga, ambalo mwaka 1906 lilifanywa nembo ya jimbo la Manitoba, ni anemone, ua la jamii nyingine kabisa. Liliitwa krokasi kwa kuwa huchomoza mapema theluji ikiyeyuka, kama krokasi za Ulaya.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaotafsiri na wanaoandika kuhusu mimea kwa Kiswahili. Jenasi nzima, yenye spishi zaidi ya 100, iitwe krokasi. Neno zafarani libaki kwa Crocus sativus peke yake na kwa zile nyuzi nyekundu tatu zinazoning'inia nje ya kila ua lake, nyembamba chini na pana kidogo juu kama mdomo wa tarumbeta. Na lile ua la stameni sita tuliite kolchikamu, hata kama kwa sasa linakwaza ulimi. Neno geni humfanya msomaji asimame na kuuliza ni kitu gani. "Zafarani ya vuli" humfanya alisogeze jikoni.